Nguo na kufua kwenye safari ndefu ya meli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakishalipia safari ya meli ya kitalii ya wiki tatu, ya mwezi, au zile za kuzunguka dunia zinazopita siku 100, swali la nguo ndo linawafuata mpaka usiku wa mwisho kabla ya kuondoka. Hapa chini kuna yale yanayorudi kila mara. Tafuta la kwako, si lazima usome yote.

Safari yangu ni ya siku 30, si nibebe nguo za siku 30?

Hapana jamani. Beba za siku nane, tisa, ukizidisha sana kumi, basi. Iwe mwezi iwe miezi mitatu hesabu ni ileile, kinachobadilika ni mara utakazofua. Kumbuka watu wengi wanaifuata meli kwa ndege kwanza na tiketi nyingi za daraja la kawaida kwa safari za mbali zinakupa kilo 23 kwa begi moja, alafu ukifika chumba chenyewe ni kidogo, kabati la watu wawili ukifungua mlango mmoja mwingine haufunguki vizuri, sasa hayo masanduku manne unayaweka wapi?

Mimi naanzia chini kwenda juu: chupi na soksi za siku kumi, maana hizo ndo zinazokulazimisha kufua, tisheti unaweza kuirudia ila chupi hapana. Juu yake tisheti au blauzi sita saba, suruali ndefu mbili, bukta au sketi mbili, kitu kimoja cha kutokea usiku, sweta moja, koti jepesi la mvua, na nguo za kuogelea mbili ili moja ikauke wakati nyingine iko mwilini. Viatu jozi tatu: raba za kutembelea, ndala, na vya usiku. Viatu ndo vinakula kilo na nafasi kuliko kitu chochote, kwa hiyo raba vaa siku ya kusafiri, na zile zinazoingia begini zijaze soksi ndani.

Watu hawataona narudia nguo?

Hawaoni. Na wakiona, na wao wanarudia.

Je meli zina mashine za kufulia za abiria?

Inategemea kampuni, na hapa ndo watu wengi wanashtukizwa wakishafika. Cunard, P&O Cruises na meli za baharini za Viking zina vyumba vya kufulia na hulipii chochote. Princess wanavyo ila unalipia kila mzunguko, Disney vilevile. Royal Caribbean hawana kabisa mashine za abiria, huko ni kumpa dobi wa meli au kufua mwenyewe kwenye sinki. Usiishie kuangalia jina la kampuni tu, angalia na jina la meli unayopanda, maana ndani ya kampuni moja unaweza kukuta meli hii inavyo na ile haina, na ramani ya ghorofa za meli kwenye tovuti yao huwa inaonyesha kama kuna chumba cha kufulia na kiko ghorofa gani.

Kama kipo jaribu kutochagua chumba cha kulala kinachopakana nacho, ile milango inapigwa siku nzima.

Nimesikia huko kwenye mashine watu wanagombana, ni kweli?

Kweli kabisa, na sababu karibu siku zote ni ileile: mtu kaweka nguo, kaenda kula, mashine imemaliza dakika ishirini zilizopita, mwenzake amesimama na begi lake la nguo chafu anaangalia ile taa inayowaka IMEMALIZA, anavumilia, anavumilia, mwisho anafungua mlango anazitoa nguo zote mbichi anazirundika juu ya mashine, sidiria juu kabisa. Mwenyewe akirudi akakuta vile mnaweza kufikiri ameibiwa. Wengine wanakaa humo na kitabu mzunguko mzima kwa ajili ya hilo tu.

Dawa yake ni alamu ya simu, iwekwe dakika tano kabla ya mashine kumaliza. Na chagua muda wako. Siku za baharini, zile meli haitii nanga popote, asubuhi yote ni foleni. Siku ya bandarini watu wakishashuka chumba cha kufulia kinakuwa kitupu, unafua peke yako kwa raha zako alafu ndo unashuka ukiwa umechelewa saa moja na nusu tu. Muda mwingine mzuri ni wakati wa chakula cha jioni au alfajiri sana vyumba vya kufulia vikifunguliwa, maana usiku vingi vinafungwa.

Kabla hujaweka za kwako kwenye mashine ya kukaushia, toa ule uchafu wa nyuzi kwenye chujio lake. Chujio likijaa nguo hazikauki, na nyuzi hizo zinashika moto kirahisi.

Sabuni nibebe?

Beba kidogo. Vyumba vingine vya kufulia vinatoa sabuni bure, vingine vinauza pakiti, ila kwa kufua sinkini utahitaji ya kwako. Ya unga inamwagika, ya maji ikivuja begini utalia, na ukitaka kuiweka kwenye begi la mkononi la ndege kikomo cha kawaida ni chupa ya mililita 100. Zile karatasi za sabuni zinazoyeyuka kwenye maji ndo zinafaa, au mche wa sabuni ya kawaida umekatwa vipande.

Na punguza kiasi. Maji mengi ya meli wanayatengeneza wenyewe kutoka kwenye maji ya bahari, chumvi na madini vimetolewa, kwa hiyo povu linakuwa jingi kwa sabuni kidogo tu na kazi inakuwa kwenye kusuuza. Nusu ya unayotumia nyumbani inatosha.

Dobi wa meli vipi, si ghali?

Kwa bei ya nguo mojamoja ni ghali ndio, shati moja hapa suruali moja pale, ukija kuona bili ya mwisho unaanza kupiga hesabu bora ungenunua mpya. Lakini kuna ile ofa ya mfuko ambayo kampuni nyingi wanaitoa kwenye safari ndefu, kwamba jaza mfuko huu kwa bei moja. Mara nyingi inakuja katikati ya safari, unakuta karatasi kitandani. Hapo sasa usiweke nguo kwa kuzikunja kistaarabu, zivingirishe moja moja kwa kukaza mpaka ziwe ngumu, soksi na chupi ndo zinazibia mapengo. Mradi mfuko ufungike, maana wakikuta haufungiki wanaweza kukurudishia.

Soma karatasi kabla hujajaza, kawaida ofa inakubali nguo ndogondogo tu kama tisheti, chupi, soksi, bukta na za kulalia, na zinarudi zimekunjwa bila pasi. Kubwa zaidi ni hili: kwenye ule mfuko hakuna mtu atakayekaa kusoma lebo ya nguo yako. Zinaenda maji ya moto na mashine ya kukaushia ya moto, zote. Kwa hiyo sufu, hariri, lesi, taiti na kitu chochote kinachovutika usiweke, na ile nguo nyekundu mpya ambayo haijawahi kufuliwa ndo kabisa.

Kabla ya kutoa mfuko tandaza nguo kitandani piga picha moja na simu, orodha unayojaza kwenye fomu ni ya kwao, picha ni ya kwako. Fidia ya nguo iliyopotea au kuharibika huwa ina kikomo na imeandikwa nyuma ya fomu kwa maandishi madogo. Zikirudi kagua kwenye kola na kiunoni, huwa wanabana vijikaratasi vya namba, usije ukaingia navyo kwenye chakula cha jioni.

Kurudi inachukua siku moja mpaka mbili, ukitaka siku hiyohiyo unaongezewa bei. Na siku mbili za mwisho huduma huwa inafungwa mapema, usije ukajidanganya utarudi nyumbani na begi zima la nguo safi.

Wasafiri wa mara kwa mara waulize kwanza daraja lao la uanachama linawapa nini, Princess kwa mfano wakishakuweka daraja la Elite kufuliwa ni bure.

Nafuaje kwenye sinki la chumba bila kufurika maji?

Fua kidogo kidogo kila jioni, vitu viwili vitatu, usisubiri rundo. Ziba sinki, maji ya uvuguvugu, sabuni kiduchu, loweka wakati unaoga, alafu sugua sehemu zinazochafuka kweli, yaani kwapani, kola, na nyayo za soksi. Suuza mara mbili.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye kukamua. Ukikamua kwa mikono ukatundika hivyohivyo itadondosha maji usiku kucha na asubuhi bado mbichi. Tandaza taulo kavu kitandani au sakafuni, laza nguo juu yake imenyooka, vingirisha taulo na nguo kwa pamoja mpaka iwe kama mkeka uliokunjwa, alafu ipigie magoti, ikanyage, hamisha uzito kutoka mwanzo mpaka mwisho. Taulo litatoka limelowa na nguo itatoka na unyevu tu. Ndo uitundike. Mabafu mengi yana kamba ya kuvuta ndani ya shawa, kama haipo beba kamba yako ile ya kusokotwa isiyohitaji vibanio. Acha mlango wa bafu wazi ili hewa ya kiyoyozi iingie, bafu likifungwa linakuwa na mvuke na hakikauki kitu.

Kuta za vyumba kwenye meli nyingi ni za chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku zinashika vizuri. Beba chache, utatundika kofia, begi la mgongoni, koti bichi, kila kitu.

Naweza kuanika kwenye balkoni?

Usianike. Meli nyingi wanakataza, upepo wa meli ikitembea unabeba nguo mpaka baharini au kwenye balkoni ya mtu wa chini, na hewa yenyewe ina chumvi na unyevu kwa hiyo nguo inakuwa kama inanata. Pia usitundike henga kwenye kile kidude cha darini kinachonyunyizia maji moto ukitokea. Kikivunjika kinamwaga maji kwa nguvu na hakizimwi na wewe, chumba chote kinalowa na majirani pia.

Kitambaa gani kizuri?

Hili ndo swali ambalo lingeulizwa la kwanza yale mengine yangepungua nusu. Pamba tunaipenda, haina joto, ila inanyonya maji na kuyashika, na jinzi ndo mbaya kuliko zote: nzito begini, nzito ikilowa, na chumbani inaweza kumaliza siku mbili haijakauka kwenye mshono wa kiuno. Polista na nailoni zinakauka usiku mmoja ila zinashika harufu ya jasho haraka. Sufu nyembamba ya kondoo wa merino ni ghali ila unaivaa siku kadhaa bila kunuka na inakauka sio vibaya. Kitani kina raha kwenye joto ila mikunjo yake lazima uikubali kama ilivyo. Nguo za mchanganyiko wa pamba na polista ziko katikati, na kwa watu wengi hizo ndo zinatosha.

Usiamini lebo ya dukani, fanya jaribio. Wiki moja kabla ya safari fua kila nguo unayotaka kubeba kwa mkono, saa nne usiku, ikamue kwa taulo, itundike ndani ya nyumba pasipo feni. Asubuhi shika kiunoni, kwapani na kwenye mifuko, sio kifuani, maana kifuani hukauka kwanza. Ikiwa bado mbichi sehemu hizo basi hiyo ibaki nyumbani au iwe ya dobi.

Rangi nazo zipange ziingiliane, zote za giza au zote za mwanga, sio kwa ajili ya kupendeza tu, ni kwamba zote zitaingia mzunguko mmoja wa mashine. Mtu mwenye nyeupe mbili, nyekundu moja na nyeusi tatu anafua mara tatu.

Pasi ya safari naruhusiwa?

Hapana, na ile ya mvuke pia karibu kampuni zote wanaikataa. Moto ndani ya meli ni jambo ambalo hakuna anayelifanyia mzaha. Wakiiona kwenye mashine ya ukaguzi wanaichukua wanakurudishia mwisho wa safari. Ekstensheni zenye kinga ya umeme nazo zinachukuliwa. Ukitaka kunyoosha nguo, chumba cha kufulia kikiwepo huwa na pasi na meza yake, kama hakuna tundika nguo bafuni ukiwa unaoga maji ya moto, ivute vute kwa mkono ikiwa na mvuke, au lipia shati moja lipigwe pasi na wao. Shati moja halikufilisi.

Usiku wa kuvaa rasmi nao?

Kampuni nyingi wamelegeza siku hizi, Cunard bado wako makini: kuanzia saa 12 jioni sehemu nyingi za meli wanataka mtu awe nadhifu, na kwenye usiku wao wa gala ni suti nyeusi au ya giza na tai, gauni refu au kitu cha hadhi hiyo. Usipotaka hulazimishwi, kuna mgahawa wa kujihudumia na baadhi ya sehemu za kukaa unakwenda na nguo zako za kawaida.

Mwanamume: koti moja la giza, suruali yake, mashati mawili, tai mbili. Mwanamke: gauni moja jeusi la kitambaa kisichokunjamana, na mitandio na mikufu ndo ibadilike. Koti la suti livae kwenye ndege, hata kama kuna joto, litakuokolea kilo.

Madoa ya manjano kwenye nguo nyeupe yanatoka wapi, na mbona nikitumia dawa ya kupausha yanazidi?

Hiyo ni losheni ya kuzuia jua. Nyingi zina kemikali ya avobenzone, ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji inatoa rangi ya kutu, na klorini inalifanya doa lizidi kukolea. Weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo palepale kwenye doa kabla hujalowesha nguo, iache dakika kumi na tano, sugua, suuza. Doa likikomaa jaribu maji ya limao au siki. Sabuni hiyohiyo inaondoa mafuta ya chakula, kwa hiyo kichupa kidogo chake kinastahili nafasi begini. Chochote kile usikipitishe kwenye mashine ya kukaushia kabla doa halijatoka, joto linaligandisha.

Nguo za kuogelea suuza kwa maji baridi siku hiyohiyo, chumvi na klorini vinaua ile mipira, na usizipeleke kwenye joto kamwe.

Kuna nguo ambazo bandarini zitaniletea shida?

Zipo. Nguo za mabaka ya kijeshi ziache nyumbani kama meli inapita Karibi, Barbados, Jamaika, Saint Lucia na Trinidad na Tobago ni kosa kisheria raia kuzivaa, hata kibukta cha mtoto. Basilika la Mtakatifu Petro Vatican hawakuingizi mabega na magoti yakiwa wazi, na misikiti inayopokea wageni wana masharti yao. Mtandio mmoja mkubwa mwepesi unafunika mabega, unafunika kichwa, na kwenye ukumbi wa maonyesho wa meli ambako kiyoyozi kinapigwa mpaka meno yanagongana unajifunika.

Viatu vya kupandia milima vyenye udongo vitakuletea maswali Australia na New Zealand, vioshe kabisa nyayo na vitangaze kwenye fomu. Wanaokwenda Antaktika ndo hawapumui: koti la nje, mifuko yake, zile tepu za kunata, mabegi, vyote vinakaguliwa kama vina mbegu au vumbi kabla ya kushuka nchi kavu, na viatu vinaoshwa kwa dawa kila ukitoka na kurudi.

Nguo chafu zikae wapi zisinuke?

Kwenye mfuko wa wavu, sio wa nailoni. Sanduku tupu liko chini ya kitanda, lifanye kapu la nguo chafu. Ila kilicholowa kikauke kwanza, tisheti moja yenye jasho ikifungiwa siku mbili inaambukiza harufu rundo zima.

Vifuko vya kubana nguo kwa kutoa hewa, nibebe?

Vinapunguza ukubwa, uzito uko palepale. Vinakudanganya kubeba zaidi.

Mtu chumbani akiugua tumbo akachafua nguo?

Usizipeleke kwenye mashine za abiria, na usizisugue sinkini. Piga simu kwa kituo cha afya cha meli, wana utaratibu wa kuzichukua zikiwa zimefungwa na kuzifua peke yake. Norovirasi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha, inasambaa kwa kiasi kidogo sana cha uchafu, kwa hiyo hapo sio suala la aibu.

Siku ya kwanza na usiku wa mwisho nipange vipi?

Siku ya kupanda mabegi makubwa mnayakabidhi chini na yanaweza kuletwa chumbani jioni kabisa, kwa hiyo begi la mkononi liwe na dawa, hati zote, nguo ya kuogelea, na nguo moja ya kubadili. Pawabenki nayo ikae humo, kwenye ndege hairuhusiwi kwenye begi la kupakiwa chini.

Usiku wa mwisho ni kinyume chake: mabegi yenye lebo za rangi mnayaweka nje ya mlango jioni, mara nyingi kabla ya saa tano au sita usiku, na hamtayaona tena mpaka mkishashuka. Kabla ya kufunga zipu toa nguo za kesho na uzitundike mahali unapoziona, kuanzia chupi mpaka viatu, na viatu ndo watu wanasahau sana. Kila mara kuna mtu asubuhi anashuka na nguo za kulalia na ndala za bafuni za meli, anapita forodhani hivyo hivyo. Nguo ambazo bado mbichi usizifungie kwenye begi la nje ya mlango, ziache zitundikwe mpaka asubuhi kisha zishuke nawe mkononi.